Fundi wa Feni za Skola

Magoti yangu yalipokuwa bado yananitii nilikuwa utingo wa lori. Tulikuwa tunashusha mahindi Kasanga, kule ziwani, tunapanda na samaki, migebuka iliyokaushwa, ambayo harufu yake ikishaingia kwenye blanketi haitoki mpaka Krismasi. Dereva wangu alikuwa mtu mnene wa maneno machache, na hayo machache yote yalikuwa ya kunituma. Sasa, anayeijua Ufipa mwezi wa sita anaijua ile baridi. Asubuhi unashika chuma, chuma nacho kinakushika. Lori lilikuwa haliendi vizuri mpaka injini ipate joto, kwa hiyo dereva alikuwa na gunia lake la katani. Alilining'iniza mwenyewe mbele ya rejeta ili upepo usiingie, na tukishatembea kidogo anasimama, analitoa mwenyewe. Mtu mwingine haligusi. Lilikuwa kama kofia yake.

Siku moja hakulitoa. Sijui alikuwa anawaza nini, nadhani mke. Tukafika kwenye mlima, lori likaanza kufoka mvuke kama chungu cha maharage, tukasimama. Akashuka. Akayatukana mafuta kwamba yamechanganywa na maji. Akawatukana wapakiaji kwamba wamezidisha mzigo. Akakitukana kijiji kimoja tulichokipita, kwamba kina watu wabaya. Mimi nikatumwa mtoni na dumu, nikarudi, nikatumwa tena. Tukashinda pale. Mchana akapita mama mmoja na kuni kichwani, akasimama, akatuangalia, akasema, "Gari lenu linaumwa? Naona mmelifunika." Akaenda zake. Dereva akalitazama lile gunia muda mrefu. Kisha akaniambia, "Wewe, hili usimwambie mtu." Sasa ni marehemu, na mimi ndiyo hivyo, nimewaambia.

Nimelianza gunia kwa sababu nimekaa siku kadhaa najiuliza nimsemeje yule fundi, na kila nikimshika ananiponyoka. Ndivyo alivyokuwa hata alipokuwa mbele ya macho yangu. Nilidhani nikianzia mbali kidogo, kwenye mambo ya joto na kufunika, nitamkuta amesimama mahali. Sidhani kama nitamkuta amesimama, lakini twende.

Mimi nashona viatu. Nakaa barazani kwa binti yangu Skola, mbele ya steshenari yake hapa Sumbawanga mjini, si mbali na stendi. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo nikitaja jina la kifaa nikalikosea mnivumilie, natamka kama nilivyosikia. Fundi nilimfahamu kwa kiatu. Alikuja soli imeachia, ameshika bisibisi, akaweka mguu juu ya kisanduku changu, mguu na kiatu chake.

"Mzee wangu, shikamoo. Shona."

"Marahaba. Vua kwanza."

"Nikivua nitakaa. Nikikaa nitachelewa. Shona hivi hivi."

"Nikikudunga?"

"Nitajua sindano imefika."

Nikamshona mguu ukiwa ndani. Sijawahi kufanya kazi ya namna ile, si kabla wala baadaye. Muda wote anageuka huku na huku anaangalia barabara, na mimi namfuata na sindano kama mtu anayemnyonyoa kuku aliye hai. Nilipomaliza akakanyaga mara mbili, akasema, "Ndani humo kuna kompyuta inalia. Ya nani?"

Mimi sikusikia kitu kinalia. Nilisikia mashine ya kusaga ya jirani, basi, na hiyo unaisikia hata ukiwa umelala.

Hapa lazima niseme habari ya Skola, maana bila hiyo mtadhani nawasimulia mambo ya feni tu. Skola aliolewa Laela, kwa mnunuzi wa mahindi mwenye Fuso yake. Sitasema yote. Siku aliyorudi kwangu alikuwa na mtoto wake Deo mgongoni na mdomoni jino moja halipo, na hakuwa ameanguka. Kikao kilikaa. Wazee wa upande ule wakasema mwanamke hawezi kukaa mjini hivi hivi bila kazi, atarudi kwa mumewe. Skola akasema ana kazi, atachapa barua na kutoa kopi. Wakacheka kidogo, wakasema sawa: siku mashine yako ikinyamaza, mume atakuja kukuchukua na hakuna kikao kingine. Na mimi nilikuwepo, nikaitikia, kwa sababu niliona ndilo bora lililopatikana. Kwa hiyo mkisikia nasema kompyuta imezima, mjue ni nini kilikuwa kinazima.

Na ilikuwa inazima. Hilo kasha lenyewe, wenyewe wanaliita sipiyu, lilikuwa linakata ghafla katikati ya kazi. Skrini inakuwa nyeusi, Skola anashika kichwa, mteja anaanza kuangalia saa. Jua likigonga bati mchana ndiyo basi kabisa.

Kila mtu alituambia haiwezekani ikawa joto. Joto Sumbawanga? Hapa watu wanavaa sweta mpaka mwezi wa nane. Nenda madukani uulize feni, wanakuangalia kama umeomba mwavuli wa samaki. Walisema ni virusi, walisema ni umeme mdogo, shemeji yangu mmoja akasema ni watu wa Laela wametuma kitu. Fundi aliingia ndani, akaweka mgongo wa kiganja kwenye ubavu wa lile kasha, vile mama anavyompima mtoto homa, akasema, "Huyu anachemka. Inaingia wapi, inatoka wapi?"

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Inaingia wapi, inatoka wapi. Alikuwa na maana ya hewa, lakini alilisema juu ya kila kitu. Ukimsimulia ugomvi wa mtaani anakuuliza hivyo hivyo. Kwenye msiba wa kaka yangu alifika, akaangalia watu walivyosongamana mlangoni kuwapa pole wafiwa, akashindwa kuvumilia. Akasimama pale kama askari wa barabarani: "Wanaoingia huku, wanaotoka mlango wa uani! Msigongane!" Watu wakatii, maana kwenye msiba mtu akiamrisha watu hutii. Ila bibi mmoja alimshika mkono akamwambia, "Kijana, mimi nitatokea nilikoingilia, na wewe nenda ukatoe hewa kwenu." Fundi alicheka mpaka akatoka nje ya uzio wa wafiwa kuficha aibu. Hakukaa hata kula.

Hakuwahi kukaa kula. Skola akimwekea ugali na maharage, anakata tonge, anatembea nalo hadi barazani, anachungulia barabarani, anarudi kuchovya. Mama Skola, yaani mke wangu, alikuwa anasema anamlisha mtu na kuilisha sakafu. Chai aliinywa ikiwa imepoa kabisa, kwa sababu aliisahau kila mahali, mara juu ya printa, mara kwenye kisanduku changu kati ya misumari ya viatu na gundi.

Alikuwa na maneno mengi, na si yote ya kuaminiwa. Leo anasema amejifunzia ufundi Dar, kesho Mbeya, siku nyingine anasema hakufundishwa na mtu, alizifungua tu mashine zilizokufa akaziuliza zimekufa na nini. Alikuwa ametokea bondeni, upande wa Kaoze, kule joto lenyewe lipo, na aliichukia baridi yetu kama mtu anavyochukia jirani. Makoti mawili, la ndani na la nje, mwaka mzima. Na huyu huyu mtume wa hewa, chumba alichopanga nyuma ya soko alikuwa amekiziba dirisha kwa magunia na mlango kwa tambara. Nilikwenda kumwona siku moja alipoumwa kifua. Ukiingia humo unasimama kwanza kutafuta pumzi.

Nikamwambia, "Fundi, humu inaingia wapi, inatoka wapi?"

Akajifunika blanketi mpaka kidevuni. "Mzee wangu, mimi siyo mashine."

Kwa kiburi hakuwa na mwenzake. Mimi sikatai kwamba alikuwa anajua, ila alikuwa anajua kwa kukosea. Lile kasha la Skola lilikuwa na nafasi za feni mbele, nyuma, juu na ubavuni, na feni moja tu mbovu. Akaja na feni tatu alizong'oa kwenye mashine zilizokufa, za ukubwa wa sahani ya chai, akaziweka zote zipulize ndani. "Hewa iwe nyingi," akasema. "Hewa ikiwa nyingi inajisukuma yenyewe." Akapiga kofi kwenye kasha kama anapiga shingo ya ng'ombe wake. Kabla ya mchana likazima, na safari hii lilikuwa la moto zaidi. Skola alikwenda uani. Mimi nilimwona mgongo unavyotikisika.

Akazigeuza zote zitoe nje. Hapo likatulia siku kadhaa, na mtaa mzima ukasikia alivyo fundi, alihakikisha. Kisha likaanza tena. Akalifungua, na mimi nikachungulia: ndani kweupe kama ubao wa mandazi. Nimesema jirani yetu anasaga. Feni zote zikivuta kutoa nje, kasha linatafuta hewa mahali pengine, linaipata kwenye kila kijinafasi na kila tundu la skrubu, na hewa ya upande wetu ni nusu unga. Akapiga magoti pale chini, akachukua unga kwa kidole, akauonja.

"Sembe," akasema. "Nzuri."

"Fundi," Skola akamwambia, "wewe unaonja. Mimi nikirudishwa Laela nitaonja nini?"

Fundi akainuka. Alitoka, akavuka barabara, akaenda upande wa stendi, akarudi, akavuka tena. Nilidhani ameenda moja kwa moja. Lakini alirudi na dawa ya mbu, ile ya kuzungushwa inayotoa moshi, na soksi ndefu ya wanawake, mpya, kwenye pakiti. Mama Skola akaiona ile soksi akasimama mlangoni mikono kiunoni kungoja maelezo.

Maelezo yalikuwa moshi. Akawasha dawa ya mbu, akawa anaisogeza taratibu kuzunguka kasha, na sisi wote tukawa tunautazama ule moshi: hapa unanyonywa, hapa unatemwa, hapa unazunguka bila kujua pa kwenda. Ubavuni ndipo tulipoiona kasoro. Feni ya ubavuni ilikuwa inapambana na ya mbele, moshi ukifika katikati unasimama, unajikunja, unarudi. "Mnaona?" akasema. "Wawili wanaongea kwa pamoja, hakuna anayesikilizwa." Akaing'oa ya ubavuni. Akabakiza moja mbele, chini, ya kuingiza, akaivalisha kipande cha soksi kizuie unga. Moja nyuma, juu, ya kutoa. Ile aliyoing'oa akaifunga kwenye paa la kasha, itoe nayo, kwa sababu joto, alisema, halipendi kukaa chini. Moshi ukaingia kwa mbele kama mtu anayejua nyumba, ukapanda, ukatokea nyuma na juu. Sikufichi, nilifurahi kuutazama.

Na bado likazima.

Hili la sasa naliweka kwa sababu ni letu sisi, sijui kama linatokea kwingine. Nyumba ya Mfipa anayejiheshimu, kila kitu kina kitambaa. Redio ina kitambaa, viti vina vitambaa, hata dumu la maji ya kunywa. Mama Skola anafuma tangu usichana, na alipoona binti amepata kompyuta alifuma kitambaa chake bora, uzi mweupe, maua ya pinki pembeni, akakitandika juu ya kasha. Juu ya kitambaa akaweka chombo cha maua ya plastiki. Baridi ilipozidi mwezi wa sita akaongeza na kanga chini yake, iliyokunjwa mara mbili, mashine isipate baridi. Fundi akija anakitoa, anafanya kazi, anaondoka. Mama Skola anakirudisha. Kila siku hivyo, na hakuna aliyewahi kufikiri, mimi, Skola, wala yeye fundi mwenyewe, ambaye alikuwa ameikalisha feni yake pale pale juu.

Siku moja alirudi bila kutazamiwa, amesahau koleo. Akamkuta mama anatandika.

"Mama!" Nilimsikia mpaka barazani. "Mama, mama, mama! Hii siyo mtoto!"

"Na wewe siyo mtoto," mama akasema, "na una makoti mawili."

"Umemziba pua!"

"Nimemsitiri. Kitu cha thamani hakiachwi uchi mbele za wateja."

Fundi akatoka nje akaniangalia kama vile mimi ndiye niliyemfundisha mke wangu kufuma. Akaondoka. Akarudi. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, naomba basi kiwe na dirisha." Na mke wangu, ambaye kwangu hajawahi kukubali hata kosa la chumvi, akapima ile feni kwa shubiri, akakaa na sindano yake, akafuma kitambaa chenye tundu la duara katikati, na kando ya tundu akalizungushia maua ya pinki. Maua ya plastiki yakahamia kwenye printa. Kasha likaacha kuzima. Watu walikuwa wanaingia kuchapa barua wanauliza, mama, hicho kitambaa unauza? Sasa ukipita mitaa ile utaviona kwa wenye kompyuta kadhaa, vina madirisha.

Kama simulizi ingekuwa yangu kuipanga ningeishia hapo. Lakini mimi nilikuwa na yangu kichwani, nayo niiseme. Nilikuwa nimeshamfanya mkwe. Sikumwambia mtu, nilimfanya tu, nikishona. Nilikuwa namwona Skola anavyomtazama akitembea na tonge. Nilikuwa naona fundi mwenyewe anavyopita hapo kila siku "kusikiliza mashine", anaegesha bisibisi kwenye kasha, mpini sikioni, anafumba macho, na huo ndio muda pekee miguu yake ilikuwa inatulia. Siku moja nikamjaribu.

"Fundi, mtu kama wewe hufikirii kutulia mahali?"

"Natulia sana, mzee wangu. Nikifika."

"Unafika wapi?"

Akacheka, akaangalia barabara. "Hapo sasa."

Basi ikaja ile siku. Umeme ulikuwa umekatika asubuhi, na ulivyorudi ulirudi kwa hasira, taa zikawaka nyeupe kupita kiasi, balbu ya jirani ikapasuka. Kasha la Skola likawaka, lakini feni mbili kati ya zile tatu zikawa zimekufa. Na mezani kulikuwa na kazi ya mitihani ya shule, mwalimu mkuu amesema anaifuata jioni ile ile, watoto wanaifanya kesho. Skola akamwita fundi kwa simu. Kabla fundi hajafika, Fuso ikasimama ng'ambo ya barabara, akashuka mume wa Skola.

Nani alimwambia kwamba mashine imezimika mimi sijui. Mji huu una midomo.

Akavuka. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Karibu."

"Nimesikia imenyamaza." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuja kuchukua magunia yake yaliyopimwa. Akaingia ndani, akakaa kwenye benchi la wateja, miguu mbele. "Skola, kusanya vitu taratibu. Gari lipo."

Skola alikuwa amesimama na karatasi mkononi. Mama Skola akamshika Deo akaenda naye uani. Mimi nilibaki na kiatu cha mtu na sindano.

Fundi akaingia. Akatuona wote, akaelewa, nadhani, maana alikuwa anaijua habari. Hakusalimia. Akalifungua kasha. Ile feni ndogo inayokaa juu ya ubongo wenyewe wa mashine ilikuwa nzima, hiyo haihamishwi. Ya kuhamisha ilibaki moja. Akaishika kiganjani, akaanza kutembea, mlangoni, mezani, mlangoni.

"Mbele? Mbele inaingiza baridi, lakini ya moto itabaki imekaa juu. Ubavuni? Ubavuni inampulizia mahali pamoja, kwingine anaungua. Juu?" Akasimama. Akatembea tena. "Moja. Moja inatosha kazi moja. Kuleta au kuondoa?"

Mume wa Skola akacheka. "Fundi, wewe unaongea na feni?"

Fundi akamgeukia. Nilidhani sasa ni ugomvi. Akasema, "Mgeni, umekaa kwenye njia ya hewa. Toka hapo."

"Nini?"

"Kasha linavuta kutoka hapo ulipo. Miguu yako imeziba. Nenda barazani kwa mzee."

Yule bwana alimtazama, na mimi nikaona alivyomtafuta mtu wa kumgombeza asimwone, maana fundi alikuwa ameshageuka, yuko chini, anaifunga ile feni nyuma, juu, itoe. Basi akainuka. Akatoka, akakaa karibu yangu. Ndani fundi akaomba utepe wa gundi, ule wa kufungia paketi, akaanza kuziba kasha kila mahali: mashimo ya skrubu, kijinafasi cha ubavuni, tundu la juu, na kitambaa akakitupa kando. Akaacha mlango mmoja tu mbele, chini, kwenye soksi.

"Limefungwa bandeji," mume wa Skola akasema.

Likawashwa. Printa ikaanza. Unaijua ile sauti, inaguguna, inatema, inaguguna. Skola akawa anapokea karatasi, anapanga. Jua likapanda juu ya bati. Hapo ndipo lilipokuwa linazima siku zile, na sote tulikuwa tunajua, hata yule wa kando yangu nadhani alikuwa amekwishaambiwa.

"Baba," akasema, "huwa inazima saa ngapi?"

"Mashine haina saa."

"Nitasubiri."

"Subiri."

Nikashona. Nilishona pale pale palipokwisha kushonwa. Ndani fundi alikuwa anazunguka meza, anasimama, anaweka bisibisi sikioni, anazunguka. Mara moja printa ikanyamaza, na mume wa Skola akainuka nusu. Karatasi zilikuwa zimeisha tu. Skola akajaza, ikaanza tena. Akakaa. Mara ya pili ikanyamaza, na nikamwona Skola anageuka kuangalia skrini, na mimi mwenyewe sikugeuka, sikuweza. Ikaanza. Hivyo hivyo mpaka jua likavuka bati likaenda upande wa nyuma ya jirani, na mwalimu mkuu akaja na pikipiki, akazifunga zile karatasi nyuma kwa mpira, akashukuru, akaondoka.

Mume wa Skola akapangusa suruali. Akasimama mlangoni.

"Deo mzima?"

"Mzima," Skola akasema.

Akasubiri kidogo kama kuna neno lingine linakuja. Akavuka barabara, Fuso ikawaka, ikaondoka upande wa Laela.

Skola alikaa chini, sakafuni, si kwenye kiti. Fundi alikuwa nyuma ya kasha. Akamwita, "Dada, njoo uweke mkono hapa." Skola akaenda kwa magoti, akaweka kiganja nyuma ya ile feni.

"Moto," akasema.

"Ndiyo. Uache utoke."

Akabaki ameweka mkono pale. Mama Skola akarudi na chai, akamimina, akaweka na kipande cha kiazi, akasema, "Fundi, leo utakaa unywe."

"Nakuja mama. Hii moja haitoshi, itachoka. Chala, kule Nkasi, kuna mashine imekufa shuleni, ina feni nzima, nimeiona. Nikiwahi gari la sasa hivi naipata."

"Chai kwanza," Skola akasema. Hakuwa anaangalia chai.

"Nakuja kunywa."

Akapita mbele yangu. Nikamwambia, "Kiatu chako kimeachia tena, lete nikishone." Akasema, "Nikirudi, mzee wangu." Akakaza makoti yake, akavuka barabara, akafika katikati akageuka nusu, nikadhani amesahau kitu, akavuka, akaenda upande wa stendi, na watu wa magari ya Nkasi wakamficha.

Hakurudi.